Mabao Kumi na Matatu na Maziwa Bila Nyongeza

Jirani yangu huniletea maziwa kila asubuhi, kabla jua halijatoka mgongoni mwa mlima. Hupima kwa kikombe cha bati mpaka ukingoni, humimina katika sufuria ya mke wangu, halafu huchota kidogo tena mkebeni na kuongeza juu. Hicho kidogo ndicho nyongeza. Hakilipiwi, hakidaiwi, wala hakuna aliyewahi kukizungumzia. Kwa muda wote tulioishi hapa Kiganjo, mimi na mke wangu tulikiona kuwa sehemu ya maziwa, kama povu.

Nyongeza hiyo ilikoma Jumapili moja, na aliyeikomesha ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Huyu jirani ni mwenyeji, mkulima wa kahawa na ng'ombe, mtu mpole mwenye mikono mipana kama sepetu. Kwa ajili ya mikono hiyo wenzake walimfanya kipa. Kila Jumamosi wazee wa vijiji vya karibu walikusanya timu yao, nasi tukakusanya yetu, tukakutana kwenye uwanja ule ulioinama kidogo kuelekea mtoni. Wao waliitwa Wenyeji. Sisi tuliitwa Wageni. Mimi nilikuja hapa kutoka magharibi nikiwa kijana, dereva wa serikali, nikastaafu, nikanunua kipande cha ardhi, nikazaa, nikaota mvi, na bado ni mgeni. Wenzangu timuni ni hivyohivyo: polisi wastaafu, walimu, na daktari wa mifugo kutoka Ukambani ambaye huomba maji ya kunywa kila mpira ukitoka nje. Magoti yangu yalipokataa kukimbia nikajifanya kocha.

Tulikuwa tunawafunga Wenyeji, sikatai. Mawili, matatu, siku nyingine manne. Sisi tulikua na mpira wa matambara miguuni. Wao walikua na jembe mkononi. Lakini baada ya mechi tulikunywa chai pamoja katika kibanda cha mabati kando ya uwanja, na viazi vya kuchemsha tulivyokula vilitoka mashambani mwao. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyosomeshwa shuleni.

Siku ninayoisimulia, mwenyeji hakupona.

Mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, tulipata mwalimu mpya, amehamishwa kutoka upande wa ziwa, mtu aliyevuka hamsini juzi tu na ambaye miguu yake haikuwa imepewa taarifa. La pili, mwanangu alikuwa ameniletea kutoka Nairobi kipaza sauti cha mkono, kile cha kuning'iniza begani, ili nisipasue koo nikiwaita wachezaji. Nilikuwa nimesafirisha wakubwa kwa miaka mingi huku wakiongea na mimi nikinyamaza. Mpe mtu wa namna hiyo kipaza sauti uone.

Bao la kwanza nililitangaza kwa heshima. La pili pia. La tatu lilipopita katikati ya miguu ya jirani yangu nikasema, "Kipa, huo ni mpira, si ndama! Usiupishe!" Watu wakacheka. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe kando ya uwanja walicheka wakaweka mundu chini. Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu akikuchekea mara moja, unataka akuchekee tena.

La nne: "Mama wa kipa, kama bado uko hai, njoo umchukue mtoto, giza linaingia!"

La sita: "Kipa ameuliza kama anaweza kwenda nyumbani kukamua. Refa anafikiria!"

Jirani yangu mwanzoni alicheka pamoja nasi. Alinipungia hata mkono. Kisha akaacha kupunga. Kisha akaacha kucheka. Niliyaona yote hayo, maana macho yangu ni mazuri kuliko magoti, lakini niliona pia kwamba Wageni hatukuwa tumewahi kufika mabao mengi hivyo, na niliwaambia wachezaji wangu mapumzikoni maneno ambayo ningependa kuyarudisha mdomoni: "Kumwonea mtu huruma uwanjani ni kumtukana. Funga mpaka refa achoke."

Tulipofika bao la tisa, beki wao wa kushoto alinijia pembeni mwa uwanja. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alishika goti akihema.

"Kocha," akasema, "kenda imejaa. Sasa tunyamaze."

"Tisa najua, mzee wangu. Hesabu nilifika nayo kidato cha nne."

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha juu ya kahawa iliyoanikwa. Akarudi uwanjani.

Dakika chache baadaye Mwalimu alimpita jirani yangu, akampita tena kwa kurudi nyuma, akausimamisha mpira kwenye mstari wa goli. Jirani alikuwa amelala kifudifudi. Mwalimu akapiga magoti, akainamisha kichwa, akausukuma mpira ndani kwa paji la uso taratibu, kama ng'ombe anayesukuma mlango wa zizi. Mimi nilikuwa nimeinua simu, nikapiga video yote. Kisha nikashika kipaza sauti na kutangaza, "KUMI!"

Uwanja ukanyamaza. Hata waliokuwa wakicheka walinyamaza. Wanawake wakaokota mundu zao. Mimi, badala ya kujiuliza kulikoni, nikaona ni wajibu wangu kuujaza ukimya ule. Nikatangaza la kumi na moja, la kumi na mbili, na la kumi na tatu, kila moja kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia, nikiwa karibu peke yangu.

Chai haikunywewa siku hiyo. Wenyeji walichukua masweta yao kwenye nyasi wakaondoka. Nikaituma ile video kwenye kundi letu la simu, nikiwa na furaha ya mtu aliyekalia yai bila kujua.

Asubuhi jirani alikuja kama kawaida. Alipima mpaka ukingoni, akamimina, akafunika mkebe.

Mke wangu alibaki ameshika sufuria, akingoja. Jirani akamwambia, "Siku njema, mama," akaenda zake.

"Mzee," mke wangu akaniita, "umemfanya nini huyu mtu?"

"Tulicheza mpira tu."

"Mlimfunga ngapi?"

Nikamwambia. Alitazama ndani ya sufuria, akanitazama mimi.

"Haya. Wewe umepata kumi na tatu. Mimi nimekosa nyongeza. Nani ameshinda hapa kwetu?"

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Tulisimama uwanjani na jezi zetu zilizofuliwa, tukitazama njia. Jumamosi nyingine tena hawakuja. Tukajaribu kucheza wenyewe kwa wenyewe, nusu kwa nusu, na hapo ndipo nilipojua kwamba adui ni kitu cha thamani sana. Polisi wawili waliokuwa wamelinda lango moja kwa miaka mingi waligombana kuhusu kona mpaka wakaacha kusalimiana. Daktari wa mifugo alisema goti lake linauma, na aliposema hivyo nilijua harudi tena. Nikachukua gari hadi Nyeri, nikaenda Majengo, ambako nilimjua mzee mmoja anayeuza viatu karibu na msikiti na ambaye ana timu ya wafanyabiashara wa rika letu. Nikamwalika.

Alinikaribisha vizuri, akaniweka kwenye kigoda.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hiyo video imefika hapa. Sisi tunacheza kutoa jasho. Machozi tunayo nyumbani."

Kijana aliyekuwa akijaribu viatu akanitazama, akauliza, "Ati huyu ndiye ule wa kipaza?" Sikukaa kunywa chai.

Nikaelewa kwamba timu yangu inakufa, na inakufa kwa ushindi. Mtu kijana anaweza kulicheka jambo hili. Kijana akikosa mechi Jumamosi ana mambo mengine. Mimi Jumamosi yangu ilikuwa ndiyo wiki. Siku nyingine zote zilikuwa njia ya kufika huko, na sasa nilikuwa nafika nakuta uwanja una mbuzi.

Tulikutana katika kibanda cha chai, tuliobaki, tukajadili. Mwalimu aliudhika waziwazi.

"Sasa kosa langu ni gani? Nimefundishwa kucheza nikacheza. Ukiacha kumfunga mtu kwa makusudi unamwambia, wewe ni mtoto, nimekuachia. Mimi nikifungwa ishirini nitakusalimia. Ukinionea huruma sitakusalimia."

"Na ule wa kichwa?" akauliza polisi mmoja.

"Ule wa kichwa..." Mwalimu alikoroga chai isiyo na sukari. "Ule ulikuwa utundu."

"Na wewe Kocha, ile ya mama yake?"

"Mama yake alishakufa," akasema polisi wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea na mwenzake tangu ile kona. "Tulichimba kaburi sote. Kocha alikuwepo."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimekumbuka nikaona kicheko ni kitamu zaidi. Siku hizi sina hakika ni lipi kati ya hayo mawili, na naogopa kwamba ni la pili.

Jioni nikavuka ua, nikaenda kwa jirani. Alikuwa akikamua. Hakuinuka, hakunifukuza, alinielekeza kwa kidevu nishike kamba ya ndama, nikashika. Ndama alivuta kuelekea kwa mama yake, nami nikavuta kuelekea kwangu, na kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema mwishowe. "Kwa mabao yote yale."

"Mabao haina shida. Mimi ni mbaya kwa goli, hiyo najua. Hata mke yangu anajua."

"Basi ni yale maneno kuhusu mama."

"Hiyo iliniuma." Aliendelea kukamua. "Lakini mama angecheka. Alikuwa mtu wa mdomo kama wewe."

"Basi ni nini, ndugu yangu?"

Akaacha kukamua. "Wewe umeishi hapa miaka mingapi? Umewahi kunisikia nikihesabu ng'ombe zangu mbele ya watu? Umewahi kunisikia nikihesabu watoto? Baba yangu ukimuuliza ako na mbuzi ngapi, anakuambia ziko. Koo zetu ni kumi, na tunasema kenda iliyojaa. Tisa ikijaa, mtu ananyamaza. Hiyo ya kumi iko, kila mtu anaiona, lakini hakuna mtu ataiweka kwa mdomo. Sasa wewe unasimama na hiyo kitu yako, unanihesabia aibu yangu kama viazi kwa gunia. Mzee wa kanisa alikuja kukuambia. Ukamwambia ati umesoma hesabu."

Nilikuwa nimeishi katikati ya watu hawa nikajifunza Kikuyu cha kununulia viazi na cha kuzikia, basi. Nilikuwa nimejua barabara zao zote, hata za mabonde, na sikujua mahali wanapoacha kuhesabu.

"Halafu ile video," akaongeza. "Ilifika mpaka Kenol. Mume wa msichana yangu ako na duka ya vifaa vya ujenzi huko. Akanipigia: 'Baba, huyu amelala chini ni wewe?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hapana. Ni mtu tunafanana."

Nilijaribu kutocheka. Ndama alinivuta nikajikwaa, na jirani akacheka kwanza, ndipo na mimi nikapata ruhusa.

"Mtarudi?" nikauliza.

Akafikiri. Alifikiri mpaka ndoo ikajaa, na sura yake ikabadilika kidogo pembeni mwa mdomo. Ningekuwa mtu mwerevu ningeaga hapo hapo.

"Tutarudi," akasema. "Lakini mimi mkono unaniuma. Wewe utakaa kwa goli yetu."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Na hiyo kipaza utanipatia."

Jumamosi ikafika. Habari zilikuwa zimetembea, maana uwanja ulijaa kama siku ya maombi. Niliingia golini upande wa Wenyeji nikiwa nimevaa glavu za jirani, ambazo zilinukia maziwa na kunipwaya kiasi kwamba vidole vyangu havikufika mwisho. Jirani alisimama pembeni, kipaza sauti begani, amevaa kofia yake ya kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mbele ya goli palikuwa laini kama uji.

Mwalimu alikuja kunisalimia kabla ya filimbi.

"Kocha, tupunguze kidogo leo?"

Swali hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nikaelewa alichokuwa akisema katika kibanda. Sikutaka kuonewa huruma na mtu niliyemfundisha kutokuwa nayo.

"Cheza kama ulivyofundishwa."

"Sawa," akasema, na nikaona kwamba alikuwa ametumaini nijibu hivyo.

Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu yangu. "Wageni wamebisha hodi," kipaza kikasema, "na mlango ulikuwa wazi!" La pili niliruka kulidaka, mpira ukaenda kulia, mimi nikaenda kushoto. "Dereva amesahau ni barabara gani!" La tatu nililigusa kwa kidole, ndani ya glavu ambamo hapakuwa na kidole. "Breki hakuna! Hiyo gari ilistaafu na mwenyewe!" Watu walishika mbavu. Mke wangu, ambaye hakuwa amewahi kuja uwanjani maishani mwake, alikuwa amekaa kati ya wale wanawake wa majani, na alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Sitadanganya kwamba ilinifurahisha. Inafurahisha sasa ninapoiandika. Wakati ule nilijua kila bao kwa jina. Unapoinama kuokota mpira wavuni, umegeuzia watu mgongo, na mgongo husikia kicheko vizuri kuliko masikio. Jirani yangu alikuwa ameinama hivyo mara kumi na tatu, na mimi nilikuwa nimempa kila mara kitu cha kusikia.

Tulifika tisa, kipindi cha pili kikiwa hakijafika nusu. Kipaza kikatangaza, "Tisa!" Kisha kikanyamaza.

Mwalimu akaja tena. Beki wetu, yule mzee wa kanisa, aliteleza. Nilitoka golini kumzuia, magoti yakakataa katikati ya safari, nikakaa kwenye matope. Goli lilikuwa tupu nyuma yangu. Mwalimu akasimamisha mpira. Alinitazama mimi, akatazama pembeni, mahali nilipozoea kusimama kumpa amri, akamkuta jirani yangu. Kundi lote la watu lilikuwa kimya, kimya kilekile cha siku ile, isipokuwa sasa nilikuwa upande wa pili wake.

Jirani alikuwa na haki yake. Angeitamka ile kumi mpaka isikike Karatina, na hakuna ambaye angemlaumu, mimi wa mwisho.

"Piga!" nikamwambia Mwalimu. "Piga, bwana, matope ni baridi!"

Akapiga. Kwa mguu, kistaarabu, katikati ya goli. Macho yote yakageukia kipaza sauti.

Jirani akakiinua mdomoni. Akakohoa.

"Tangazo," akasema. "Kuna mtu ameweka pikipiki yake juu ya majani ya ng'ombe ya wamama. Aitoe."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kunicheka. Siwezi kueleza tofauti, lakini aliyekaa kwenye matope huijua. Mpira ukawekwa kati, tukaendelea. Mwalimu hakupunguza hata kidogo, na mabao yaliendelea kuingia, na kila moja likaingia likapokewa na tangazo: kwamba gari la kubebea kahawa litachelewa Jumatatu, kwamba kuna mbuzi mweupe amepotea, kwamba viazi kibandani vimeiva na anayechelewa atakula maganda. Wenyeji nao walipata bao moja, la kona, lililomgonga polisi mmoja wa Wageni kisogoni. Hilo lilitangazwa mara nyingi, kwa Kiswahili na Kikuyu.

Ukiniuliza leo kama timu yenye nguvu iendelee kufunga, nitakuambia ifunge. Mwalimu alikuwa na haki: kusimamisha miguu ni dharau. Lakini kuna mahali mdomo unapaswa kusimama huku miguu ikiendelea, na ilinichukua mpaka uzee na matope kupaona.

Tulikunywa chai. Daktari wa mifugo alikuwepo, na goti lake halikuwa na neno.

Asubuhi jirani alikuja. Alipima mpaka ukingoni, akamimina. Alikuwa anafunika mkebe wakati simu yangu ilipolia, na nilipoona ni binti yangu, aliyeolewa Nanyuki, nikapokea.

"Baba, shikamoo. Kuna video mume wangu ametumiwa na watu wa soko la ng'ombe. Huyu mzee amekaa kwa matope, glavu zimemzidi... Baba, ni wewe?"

Nikamtazama jirani. Alikuwa akitazama mlima kwa makini sana. Nikakumbuka kwamba kuhusu kuhesabu hakuhesabu, lakini kuhusu video hakuna aliyemwomba ahadi yoyote.

"Hapana, mama," nikamwambia binti yangu. "Ni mtu tunafanana."

Jirani akafunua mkebe tena, akachota, akaongeza juu ya sufuria ya mke wangu mpaka maziwa yakamwagika kidogo kwenye kizingiti, na hakuna aliyejisumbua kuyafuta.